Gari linakunywa maji lakini chini hakuna tone: nilivyomsaka mwizi



Najua wengi mnasoma hapa huku muda wa kafe unahesabu, kwa hiyo sitawazungusha sana. Leo nataka tuongelee gari linalopoteza maji ya rejeta bila kuonyesha yanakokwenda. Asubuhi unajaza, keshokutwa yamepungua, chini ya gari pakavu kabisa. Unajaza tena. Mwezi unapita. Unazoea.

Wengine mtasema, "Kaka, sisi hata baiskeli hatuna, unatuletea habari za rejeta?" Subirini kidogo. Kesho utakuwa deiwaka, utakuwa unafanya teksi ya mtu, au utakuwa abiria tu umekaa kiti cha mbele gari likichemsha. Mdogo wangu yaliyomkuta yalimkuta akiwa abiria.

ILIVYOANZA

Kagari kangu ni kadogo, ka petroli, cc 1500, kametoka Japani kakiwa kameshatumika. Jina la kampuni naliweka kapuni, maana mtakavyoona huko mbele kosa halikuwa la aliyekatengeneza. Lilikuwa langu. Nilikanunua mwaka 2022 kwa mkopo wa kikundi, mchana naenda nako kazini, jioni nabeba abiria wawili watatu nipate hela ya marejesho.

Katikati ya 2024 kakaanza kunywa maji. Si mengi, kama lita moja kwa wiki. Nikawa natembea na dumu la lita tano kwenye buti, nimechota kisimani pale nyumbani. Nani ana muda wa gereji? Gari linatembea, geji ya joto iko katikati, maisha yanaendelea.

Desemba tukapata msiba wa shangazi Iringa. Tukaondoka Dar usiku, mimi na mdogo wangu na mama, safari ya kama kilomita 500. Morogoro salama, Mikumi salama. Tukaanza kupanda Kitonga. Wanaoujua mlima ule wanajua: kona juu ya kona, mbele yako lori limebeba mzigo linatambaa, wewe gia ndogo, eisii inaunguruma. Geji ikaanza kupanda. Nikazima eisii. Ikapanda tena. Halafu ghafla ikashuka, nikasema moyoni, "Afadhali, imepoa."

Wadau, hapo ndipo nilipokosea. Ile sensa inapima joto la maji yanayoigusa. Maji yakiisha, inabaki kwenye mvuke na hewa, na geji inaweza kushuka wakati injini yenyewe inaungua. Ukiona geji imepanda halafu imeshuka ghafla bila sababu, usishangilie. Zima injini.

Nilisimama pembeni moshi umeshatanda. Mama akashuka, mimi nikakimbilia kutafuta mawe ya kuwekea matairi. Mdogo wangu, kwa nia njema kabisa, akavua fulana, akaifunika mfuniko wa rejeta, akafungua.

Sikuona ilivyotokea, nilisikia tu. Maji yalimruka mkono wote wa kulia na sehemu ya kifua. Dereva wa lori, Mungu ambariki, alikuwa na dumu la maji ya baridi, akaanza kummiminia taratibu na kutuzuia tusimpake chochote. Mama alishatoa dawa ya meno kwenye mkoba. Yule bwana akasema, "Hapana mama, maji tu." Alikuwa sahihi: aliyeungua mwagie maji ya kawaida yanayotiririka, kama dakika 20, halafu hospitali. Si dawa ya meno, si mafuta, si yai.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini Januari ilikuwa aanze VETA, umeme wa majumbani, na alianza akiwa na bandeji mkono wa kazi.

KWA NINI MAJI YALIRUKA VILE?

Mfumo wa maji wa gari umefungwa kwa shinikizo. Maji ya kwenye sufuria, Dar usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 100. Ukiyafungia na kuyaongezea shinikizo, hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Kazi hiyo inafanywa na ule mfuniko wa rejeta. Una springi na raba, na mingi ya magari ya Kijapani imeandikwa 0.9 au 1.1, ndilo shinikizo unaloshikilia kabla haujaruhusu maji kupita kwenda kwenye kitanki cha akiba.

Sasa fikiria maji yako kwenye nyuzi 110 ndani ya mfumo, yametulia kwa sababu yamefungiwa. Ukifungua mfuniko, shinikizo linaondoka kwa mara moja. Yale maji yanajikuta yamezidi kiwango cha kuchemka, yanachemka yote kwa pamoja na kukurukia. Kitambaa hakisaidii kitu. Zima gari, ngoja nusu saa au zaidi, minya mpira wa juu wa rejeta ukishapoa. Ukiwa bado mgumu, ondoa mkono.

FUNDI WA KWANZA

Tuliporudi Dar nikaenda gereji ya jirani. Fundi akasikiliza sentensi mbili, akasema, "Bosi, hiyo sirinda hedi gasketi. Tunashusha hedi, tunapeleka kuchongwa, tunarudisha." Akanitajia hela. Ilikuwa karibu sawasawa na ada ya dogo niliyokuwa nimeitenga. Nilikaa nayo usiku mzima. Gari ndilo linaleta marejesho ya mkopo, ada ndiyo maisha ya mtoto wa mama. Ukigusa huku, kule kunalia.

Asubuhi nikampigia mzee mmoja fundi wa zamani, wenyewe tunamwita Babu. Nikamweleza.

"Shikamoo Babu. Fundi kasema ni gasketi."

"Marahaba. Amepima?"

"Hapana Babu, ameangalia."

"Gasketi haionekani kwa kuangalia injini imefungwa. Lete gari, na usilipe kitu kwanza."

Yanayofuata ndiyo niliyojifunza kwa Babu kwa muda wa wiki moja hivi. Nayaweka kwa mpangilio wake, kuanzia la bure mpaka la kulipia. Mpangilio ndio uliookoa hela yangu.

1. PIMA, USIKISIE

Kwanza Babu alikataa kugusa spana. Akaniambia ninunue daftari. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, jaza rejeta mpaka juu na kitanki cha akiba mpaka kwenye alama, andika kilomita. Kila asubuhi angalia tena, ukiongeza tumia chupa ya nusu lita ili ujue umeongeza kiasi gani. Angalizo: kama mfumo ulikuwa umeisha maji, siku ya kwanza ya pili utapungua kidogo kwa sababu hewa iliyobaki ndani inatoka. Hiyo si kuvuja.

Daftari langu lilisema hivi: siku tatu za mizunguko ya mjini, kilomita 140, maji yamepungua kama mililita 400. Jumapili gari halikutoka, hayakupungua hata kidogo. Babu akatabasamu. Kumbe mwizi anakuja gari likiwa la moto tu, shinikizo likiwa limepanda. Likilala, naye analala. Bila daftari nisingelijua hilo.

2. MFUNIKO

Kitu rahisi kuliko vyote na watu wanakiruka. Raba ikikauka au springi ikilegea, mfuniko unaachia mapema, maji yanakimbilia kwenye kitanki cha akiba na mwishowe kumwagika njiani wakati unaendesha. Dalili mojawapo ni kitanki kujaa gari likiwa la moto, na lilipopoa maji hayarudi kwenye rejeta. Nikanunua mfuniko mpya wenye namba ileile. Usiweke namba kubwa zaidi ukidhani unaboresha, utapasua mipira. Na kama kuna anayesema "toa mfuniko, funga na gunia", mkimbie.

Wangu ulikuwa umechoka kweli, lakini baada ya kubadilisha maji yaliendelea kupungua. Tukasonga mbele.

3. NJE YA INJINI

Tandika boksi safi chini ya gari usiku. Asubuhi angalia tone liko wapi. Usije ukadanganywa na maji ya eisii: yale ni meupe, hayana rangi wala harufu, yanadondoka upande wa abiria na ni kawaida kabisa.

Boksi likiwa kavu, tafuta alama. Maji yanapokauka kwenye chuma cha moto yanaacha ukoko: mweupe, wa kijani, au wa rangi ya kutu. Chungulia kila mpira unapofungwa na klipu. Chungulia pale tanki la plastiki la rejeta linapokutana na mapezi ya aluminiamu, pale panapenda kupasuka. Chungulia wota pampu: chini yake kuna katundu kadogo kalikowekwa makusudi, sili ya ndani ikichoka maji yanatokea hapo. Mimi kote huko palikuwa pakavu.

4. NDANI YA GARI

Hapa Dar nani anawasha hita? Lakini katika magari mengi maji ya moto yanapita kwenye karejeta kadogo nyuma ya dashibodi hata kama hita hujaigusa. Kakitoboka, kapeti ya upande wa abiria inalowa, vioo vinapata ukungu unaonata, na ukitumia kulanti kuna harufu kama ya kitu kitamu. Nikapitisha mkono chini ya kapeti. Vumbi tupu.

5. NDANI YA INJINI

Hapa ndipo kwenye hofu ya gasketi. Babu alipima vitu vitano.

Oili: ikichanganyika na maji inakuwa kama chai ya maziwa. Tazama kwenye kijiti cha kupimia. Ute mdogo chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, gari la safari fupi fupi linaufanya kwa unyevu wa kawaida.

Oili ya gia kwa gari la otomatiki: kwenye magari mengi inapozwa na kibomba kilichomo ndani ya rejeta. Kikitoboka, gia inakunywa maji na rejeta inakunywa oili. Ukiona maziwa ya waridi, usiendeshe hata mita moja.

Plagi: silinda inayoingia maji plagi yake hutoka imeoshwa, safi kuliko wenzake.

Mapovu: injini ya baridi, mfuniko umeutoa kabla ya kuwasha, washa na uangalie. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa. Yakitoka mfululizo bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Kipimo cha dawa: kuna kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta, hewa ya rejeta inavutwa ipite humo. Kikikutana na gesi ya ekzosi kinageuka njano. Chetu kilibaki bluu, tulikirudia kesho yake injini ikiwa ya moto zaidi, kikabaki bluu.

Oili safi, gia safi, plagi nne zinafanana, mapovu hakuna, dawa bluu. "Sasa," Babu akasema, "huyo rafiki yako alitaka kukushushia hedi kwa kosa gani?"

6. PAMPU YA SHINIKIZO

Hiki ndicho kifaa ningetamani kila gereji iwe nacho, na kila mteja akiulizie. Ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa badala ya mfuniko. Injini ikiwa baridi unapampu mpaka namba ya mfuniko wako, mimi 0.9, usizidishe, halafu unakaa na kusubiri. Yaani unalidanganya gari lidhani liko Kitonga, kumbe liko kivulini halina moto, unaweza kuligusa kila mahali.

Tukapampu. Dakika kumi baadaye sindano ilikuwa 0.7. Kwa hiyo mwizi yupo, anafanya kazi mbele ya macho yetu, na chini bado pakavu! Babu akachukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea, akakiingiza nyuma ya bomba la ekzosi pale linapotoka kwenye injini. Akanyamaza. Akaniita.

Kwenye ubavu wa bloku la injini kuna vifuniko vya mviringo vya bati, ukubwa wa kisoda kikubwa hivi. Bloku linapomiminwa kiwandani, njia za maji ndani yake zinatengenezwa kwa mchanga, na mchanga ule unatolewa kwa matundu hayo. Kisha matundu yanazibwa na vifuniko vya kupigilia. Kimoja, kilichojificha nyuma ya ekzosi, kilikuwa na mstari wa kutu unashuka, na katikati yake tone dogo, kama chozi, linakua taratibu.

Hapo kila kitu kikaeleweka. Gari likiwa moto na shinikizo limepanda, chozi linatoka, linadondokea ekzosi, linakauka hapohapo. Chini halifiki. Gari likipoa shinikizo linaisha, kutu inajiziba yenyewe. Mjini nilikuwa napoteza kidogo kidogo. Kitonga, joto na shinikizo vikiwa juu saa nzima, likafunguka.

NANI ALIYETOBOA?

Mimi, na dumu langu. Kisima chetu kina chumvi, kama visima vingi vya Dar. Maji ya chumvi na chuma mnajua mapenzi yao. Nusu mwaka nilikuwa natafuna kile kibati kwa ndani, kila nikijaza nikidhani nasaidia. Babu alipokitoa kilivunjika kama gamba la yai.

Tulitoa manifoldi ya ekzosi, tukabadilisha vifuniko vyote tulivyofikia, tukaweka vya shaba nyeupe ambavyo havishiki kutu kama bati. Kifuniko chenyewe bei yake haifiki sahani ya chipsi kuku, hela kubwa ilikuwa ya ufundi, na yote kwa pamoja haikufika hata robo ya ile ya kushusha hedi. Tukasafisha mfumo mpaka maji yakatoka meupe, tukaweka kulanti halisi nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale wanayouza ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, usije ukamimina asidi ya betri! Kulanti kazi yake si rangi wala ubaridi tu. Ina dawa ya kuzuia kutu na inachelewesha maji kuchemka. Tena ile ya kawaida ni sumu na ina utamu, usiiache chini mtoto au mbwa akailamba.

Babu akagundua pia kwamba thamostati haikuwepo, mtu aliing'oa zamani. Mafundi wengi wanaamini kuing'oa kunapoza gari. Kwenye magari mengi injini inachelewa kupata joto lake na inakula mafuta zaidi. Kwenye mengine thamostati ndiyo inayoziba njia ya mkato, ukiing'oa maji yanazunguka bila kupita rejeta vizuri na gari linachemsha zaidi. Tukarudisha mpya.

Na zile dawa za mtaani, yai bichi, manjano, unga wa kuziba? Zinaweza kukufikisha nyumbani siku moja. Lakini kinachoziba tundu kinaziba pia mirija myembamba ya rejeta, ambayo ndiyo ilikuwa inakupoza.

MWISHO WA HABARI

Daftari bado liko kwenye gari. Miezi mitatu baada ya matengenezo niliendelea kuandika, na mstari ulikuwa uleule: ongezeko sifuri. Ada ya dogo ililipwa kwa wakati. Juzi amekuja kunifungia taa ya uani, anakunja mikono ya shati, lile kovu linaonekana kuanzia kiwiko mpaka karibu na kiganja. Hajawahi kunilaumu. Anasema tu, "Bro, ile siku ningesubiri." Mimi najua aliyetakiwa kutosubiri ni mimi, tangu lile dumu la kwanza.

Kwa hiyo mdau, ukisikia mtu anasema "gari langu linakunywa maji kidogo tu", mwambie gari zima halinywi maji. Anunue daftari, abadilishe mfuniko, adai kipimo cha shinikizo kabla hajalipia kushusha hedi. Na likichemsha njiani, mikono mfukoni mpaka lipoe.

Mafundi mliopo humu, nikosoeni pale nilipoteleza. Na wenye visa vya maji yaliyopotea wakaja kuyapata mahali pasipotarajiwa, mwageni hapo chini kwenye maoni tujifunze wote.

Naomba kuwasilisha.